Dakika Arobaini za Karafuu

Ukitaka kujua mtaa wenu una watu wa aina gani, tia karafuu kwenye aiskrimu, kisha kaa pembeni utazame. Mtaa huu ulikaa kwa amani miezi kumi na moja ya mwaka. Watu walisalimiana, wakaazimana ngazi na nyundo, wakasengenyana kwa kiasi. Ulipoingia mwezi wa kumi na mbili tu, lile duka dogo la aiskrimu pale kwenye kona lilibandika karatasi mlangoni: SIKUKUU IPO. Hapo amani ikaisha.

Sikukuu lilikuwa jina la aiskrimu yenyewe. Maziwa, krimu, sukari iliyounguzwa mpaka ikawa ya kahawia, ganda la chungwa, tangawizi, na karafuu nyingi kuliko mtu mwenye adabu angethubutu kutia. Iliuzwa wiki nne tu, kisha mpaka mwaka mwingine. Walioipenda waliipenda kupita kiasi. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa tayari kumwacha mteja na nusu ya nywele ili awahi kikombe cha kwanza. Fundi cherehani wa mlango wa pili, yeye, alisema ni heri alambe ukuta. "Hii si aiskrimu," alimwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka. "Hii ni dawa ya jino. Mtu kakosa kazi, akaigandisha." Na kwa kuwa ghorofani juu ya duka palikuwa na daktari wa meno, na daktari huyo alinunua vikombe vitatu kwa siku, watetezi wa Sikukuu hawakuwa na la kujibu.

Aliyeibuni ni Shangazi. Alikuwa shangazi wa watoto wa mdogo wake, lakini jina lilishatoka nje ya nyumba, mtaa mzima ukamwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Duka lilikuwa lake. Mdogo wake wa kiume aliangalia mashine, na mke wa huyo mdogo wake, Mama Pacha, alipika maziwa na kusimama kaunta. Mama Pacha ndiye mwenye kisa hiki. Hakuwa mtu mbaya. Tulitangulize hilo, maana huko mbele litakuwa gumu kuaminika.

Kazi ilikwenda hivi. Asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Mama Pacha alibandika sufuria kubwa la maziwa katika jiko la nyuma. Yalipokaribia kuchemka alipunguza moto, akatumbukiza kifuko cheupe cha kitambaa chenye viungo, akafunika, akatazama saa ya ukutani. Dakika arobaini. Si thelathini na nane, si arobaini na mbili. Shangazi hakuwahi kuitazama ile saa. Yeye alikaa mezani akimenya machungwa, mgongo ameuelekeza kwenye jiko na saa, akauliza tu bila kugeuka: "Zimetimia, wifi?" Mama Pacha alijibu, "Bado tano," au "Zimetimia, dada." Zikitimia, Shangazi alisema, "Toa," na kifuko kikatoka. Miaka kumi na moja walifanya kazi namna hiyo.

Maziwa yakapozwa siku nzima, kesho yake yakaingia kwenye mashine ya kugandishia. Hapo ndipo ilipokuja zamu ya kijiko. Kilikuwa kijiko kidogo cha chuma, kimelika upande mmoja, makazi yake mfuko wa aproni ya Shangazi, na hakuna aliyekigusa. Shangazi alichota, akavua ndara ya mguu wa kushoto (kwa nini, hata yeye hakujua), akafumba macho, akalamba. Akisema, "Inauma," duka linafunguliwa. Asiposema, ndoo nzima inamwagwa.

"Baridi ni mwizi, wifi," alimwambia Mama Pacha mwaka wa kwanza. "Ukionja ikiwa ya moto ukasema hapo sawa, ikishaganda hutaiona. Lazima uweke ya mwizi na uweke ya kwako."

Sasa, Shangazi alikuwa jikoni. Aliyekuwa kaunta ni Mama Pacha, na kaunta ndiko nyuso zilikokuwa. Mama Pacha alikuwa mtu asiyeweza kustahimili uso uliokunjwa. Hata picha ya mtu aliyenuna ingemfanya ajiulize amemkosea nini. Kila mwaka, wiki zile nne, aliwatazama watu wakilamba, wakasita, wakameza kwa adabu, halafu wakalitafuta pipa la taka kwa macho. Alipangusa kaunta baada ya watoto kutema. Aliomba radhi kwa kitu ambacho hakukibuni. Na tuseme kweli yote: alikitamani kile kijiko. Miaka kumi na moja anapika, na hakuna hata siku moja aliyoulizwa, "Wewe unaionaje?"

Mwaka juzi, Shangazi alipouliza, "Zimetimia, wifi?" saa ya ukutani ilikuwa imehesabu dakika thelathini. Siku zote Mama Pacha angejibu, "Bado kumi." Siku hiyo alijibu, "Zimetimia, dada." Alishangaa mwenyewe jinsi lilivyotoka kirahisi.

Kesho yake Shangazi alionja, akatikisa kichwa kidogo. "Inauma, lakini kwa uvivu. Karafuu za mwaka huu hazina nguvu." Akapitisha. Mwezi ule pipa la nje lilikuwa na vikombe vichache vilivyoachwa nusu, fundi cherehani alilalamika kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake, na Mama Pacha alilala usingizi mnono. Tusimsingizie majuto ambayo yalikuwa hayajafika.

Mwaka jana akatoa kifuko dakika ya ishirini.

Shangazi alivua ndara, akafumba macho, akalamba. Akafumbua macho. Akanywa maji, akasubiri, akalamba tena.

"Wifi, mbona haiumi?"

Huo ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Mama Pacha angeweza kusema, "Nimewahi kuitoa, dada, watu wanalalamika." Angegombezwa, ndoo ingemwagwa, mambo yangekwisha. Badala yake alichota kidogo kwa kijiko cha mbao, akatia mdomoni, akavuta hewa kwa meno na kujipepea kwa kiganja.

"Haiumi vipi? Mimi inaniuma, dada."

Mumewe alikuwa amelala chini ya mashine na bisibisi yake, miguu tu ndiyo inaonekana. Hakuwa ameila hiyo aiskrimu tangu ibuniwe. Akasema kutoka huko huko chini, bila ubaya wowote, "Mimi hata harufu yake inaniuma."

Siku ile Shangazi aliagiza karafuu ziongezwe nusu. Na hapa ndipo Mama Pacha alipopotea kabisa, kwa sababu aliogopa: karafuu zikiongezwa, tofauti na ya jana itajulikana, na tofauti ikijulikana, ataulizwa. Akatoa kifuko dakika ya kumi. "Zimetimia, dada." Kesho yake Shangazi alionja mara nne. Kila mara alivua ndara, akaivaa, akaivua tena.

"Karafuu zimezidi za jana," akasema polepole, "na mimi nasikia maziwa matupu. Wewe unasikia nini?"

"Karafuu, dada. Kali."

"Basi ni ulimi wangu."

Akakitazama kile kijiko kana kwamba ni cha mtu mwingine. Akakipangusa kwa aproni, akakiweka kwenye kiganja cha Mama Pacha, akakikunja kiganja chenyewe kwa vidole vyake. "Chukua wewe. Ulimi wako bado mzima."

Mama Pacha alikichukua. Baada ya yote, hilo ndilo lililomchoma kuliko mengine: kwamba alikichukua, na kwamba kwa sekunde moja, moja tu, alifurahi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mama Pacha ilikuwa na urefu wa mwaka mzima. Shangazi alianza kuja dukani mara tatu kwa wiki, kisha mara moja, kisha akawa haji. Alisema magoti. Mdogo wake alisema, "Dada amechoka, mwacheni apumzike, amefanya kazi tangu utoto," na Mama Pacha akalishika hilo kwa mikono miwili. Dada amechoka. Kila alipokumbuka ile ndara ikivuliwa na kuvaliwa, alijiambia dada amechoka, akaendelea kupangusa kaunta ambayo ilikuwa safi.

Mwaka huu, Sikukuu ilitoka kwa mkono wake mwanzo mpaka mwisho, dakika kumi na tano. Karatasi ikabandikwa. Fundi cherehani akanunua kikombe, akala chote, akasema, "Mwaka huu mmejitahidi. Haina makelele." Mama Pacha alitabasamu, lakini tabasamu halikufika mbali. Hakuna aliyetema, wala aliyegombana foleni, maana foleni yenyewe haikuwapo. Watu waliagiza Sikukuu kama walivyoagiza vanila, wakaila wakizungumza mambo mengine. Kinyozi alikuja siku ya kwanza mbio, mashine ya kunyolea bado mkononi. Alilamba mara tatu. Akakitazama kikombe, akamtazama Mama Pacha.

"Ikoje?" akauliza Mama Pacha.

"Sawa tu," akasema kinyozi.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Daktari wa meno alishuka mara moja, akanunua kikombe kimoja, akapanda nacho, basi.

Wiki ya pili, Jumanne mchana, Mama Pacha aliifunga kaunta kwa saa moja akaenda kumjulia hali wifi yake. Alichukua kikombe cha Sikukuu, kisha akakirudisha kwenye friza. Aliona haya kukibeba.

Shangazi alifungua mlango akiwa amevaa vizuri, nywele zimesukwa, macho yamechoka. Walikumbatiana. Sebuleni palikuwa na mabegi mawili makubwa, moja limefungwa, jingine likiwa wazi na nguo zimepangwa ndani.

"Safari, dada?"

"Kaa kwanza unywe chai."

Mama Pacha alimfuata jikoni kumsaidia, na huko ndiko alikoziona karatasi. Kila kopo lilikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa herufi kubwa zilizonyooka: CHUMVI. SUKARI. HAMIRA. SABUNI YA UNGA, HAILIWI. Kwenye mlango wa jokofu palikuwa na orodha ya majina ya familia nzima, kila jina na mwenyewe ni nani. Mdogo wangu wa kiume. Mke wake, mama wa pacha. Binti yangu, anakaa mbali.

Shangazi alipima sukari kwa kijiko, mbili, akasawazisha kila kijiko kwa kisu. "Zamani nilikuwa namimina tu," akasema. Akampa kikombe, akasimama mbele yake akimtazama mdomo. "Imekolea? Niambie kweli."

Chai ilikuwa imekolea barabara, vilevile ilivyokuwa ikikolea siku zote, miaka yote.

"Imekolea, dada."

"Afadhali. Sijui tena mimi. Hata nikisikia utamu, siuamini. Nakula kwa kuuliza watu." Shangazi akakaa. "Sikutaka kuwasumbua huko dukani, mna kazi. Lakini unakumbuka mama alivyoanza. Ulimi kwanza. Alitupikia mchuzi una sukari, tukacheka. Mwaka uliofuata majina. Nilikuwa namwambia mimi ni nani kila asubuhi, miaka minne. Wewe ulikuwa bibi harusi mpya, ulimwogesha kwa mikono yako, umesahau?"

Mama Pacha hakuwa amesahau. Alikuwa amemwogesha mama mkwe, akamkata kucha, akaitwa majina ya watu waliokufa zamani na akaitika. Ila siku ile alipojipepea kwa kiganja na kusema inaniuma, hakumkumbuka hata kidogo. Alikumbuka nyuso za kaunta tu.

"Binti yangu anakuja Jumamosi kunichukua," Shangazi akaendelea. "Nyumba nitaifunga. Nimeona bora niende nikiwa bado nawajua, nisiwape mzigo tuliobeba kwa mama. Nitawaaga vizuri, kwa akili zangu."

Mama Pacha alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi, ulimi ule ule. Shangazi akainua macho kumsikiliza, macho yale yenye imani, na Mama Pacha akasema, "Kuna joto humu, dada. Nikufungulie dirisha?" Akalifungua dirisha. Akaaga. Njiani kurudi alilia hadharani, mchana kweupe, mpaka mwuza magazeti akamuuliza kama amefiwa.

Alimweleza mumewe siku hiyo hiyo, wakiwa wamesimama kati ya mashine na friza. Mume alisikiliza, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wewe ulisema hata harufu inakuuma," Mama Pacha akasema, kwa kutafuta mwenzake wa kubeba.

"Mimi nilisema kweli," mume akajibu, na hapo hapakuwa na ubishi. Alisugua uso kwa viganja vyote viwili. Alikuwa mpole, na wapole hupenda njia zinazopita nyuma ya nyumba. "Sikiliza. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Pika ile ya zamani, ya arobaini. Mpelekee aonje. Ataona ulimi umerudi, atafurahi, atafungua mabegi, kwisha. Ya nini kumwambia? Utamuumiza bure."

"Yaliyopita ndiyo yanayofunga mabegi," akasema Mama Pacha. Lakini ushauri ule aliuweka akilini, maana ulikuwa mtamu, na yeye alikuwa mwoga.

Jumatano asubuhi alibandika maziwa. Aliunguza sukari mpaka ikakaribia uchungu, akafunga kifuko, akakitumbukiza. Akakaa kwenye kiti cha Shangazi, akaitazama saa. Hakuwahi kujua kwamba dakika arobaini ni nyingi hivyo. Zilipotimia akalitamka neno mwenyewe, kwa sauti, jikoni pakiwa hapana mtu: "Zimetimia, dada." Akatoa.

Alhamisi mashine ikagandisha. Alionja kwa kile kijiko. Tangawizi ilikuja kwanza, ikafuata sukari iliyoungua, kisha karafuu ikampanda puani na kumganda kwenye fizi. Ilikuwa kali. Ilikuwa mbaya kidogo, kisha ikawa nzuri, kisha akajikuta anachota tena. Akaijaza kwenye kopo, akaliweka katika kasha la barafu, akaenda.

Begi la pili lilikuwa limeshafungwa. Shangazi aliliona kopo, akacheka bila furaha. "Unanipa mimi? Si utakuwa umemwaga bure?"

"Onja tu, dada."

Mama Pacha akatoa kijiko. Shangazi alikitambua kwa kukigusa, akapitisha kidole gumba pale kilipolika. Akachota. Akavua ndara ya kushoto, akafumba macho.

Hakusema "Inauma." Machozi ndiyo yaliyosema, yakashuka moja kwa moja huku macho yamefumbwa. Alilamba tena, na tena, akaanza kucheka huku analia, akamshika Mama Pacha bega akamtikisa.

"Umerudi! Wifi, umerudi! Nasikia karafuu! Nasikia mpaka ganda la chungwa, ulikata nene kidogo, nasikia!" Akakimbilia jikoni na ndara moja mguuni, akaibandua karatasi ya CHUMVI, akaing'oa ya SUKARI, akatia kidole makopo yote mawili akalamba. "Chumvi! Sukari! Haki ya Mungu, umerudi!"

Mama Pacha alisimama mlangoni mwa jikoni akicheka pamoja naye. Mumewe alikuwa amesema kweli. Ilikuwa rahisi hivi. Hakuna aliyeumizwa, dada anacheka, na neno lile baya lingeweza kubaki lilipo mpaka wote wafe. Akahisi kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Ndipo Shangazi akatulia. Alikuwa ameishika ile karatasi ya CHUMVI. Aliinyoosha mikunjo kwa kiganja, taratibu, juu ya meza, kisha akaibandika tena mahali pake.

"Dada? Mbona unairudisha?"

"Mama naye alikuwa na siku kama hizi," akasema Shangazi. "Unakumbuka? Alikuwa anaamka siku moja anatujua wote, anaimba, anauliza habari za shule. Tunashangilia. Kesho yake anatuuliza sisi ni nani." Akatabasamu, tabasamu la mtu anayemtuliza mwingine. "Ni siku nzuri tu, wifi. Nashukuru nimeipata kabla sijaondoka, na nashukuru umeniletea wewe. Jumamosi iko pale pale."

Akaanza kubandika ya SUKARI.

"Haukuwahi kwenda, dada," akasema Mama Pacha.

"Nini?"

"Ulimi wako. Haukuwahi kwenda popote. Mimi ndiye niliyekuwa natoa kifuko kabla ya wakati."

Sasa kwa kuwa limeshatoka, alilitoa lote, kwa haraka, akiangalia sakafu: nyuso za kaunta, pipa la nje, thelathini ya mwaka juzi. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Nje mtu alikuwa akipiga misumari kwenye paa, na kila msumari ulisikika.

"Mwaka jana," akauliza hatimaye, "siku ya kwanza. Dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Nilipoongeza karafuu?"

"Kumi."

"Nikakuuliza, wewe unasikia nini."

"Uliniuliza, dada."

"Ukajipepea."

"Nilijipepea."

Shangazi aliitafuta ndara yake sebuleni, akaivaa. Alipokaa, alikaa mbali kidogo. Mama Pacha alipiga magoti pale sakafuni, akaanza, "Dada, nisamehe, sikujua kama—" lakini Shangazi aliinua mkono.

"Ungeniambia watu hawaipendi, ningekasirika. Siku mbili. Tatu, tuseme. Fundi cherehani ananitukana mwaka wa kumi huu, amenifanya nini?" Sauti haikupanda, na laiti ingepanda. "Nimekwenda kupigwa picha ya kichwa, wifi. Hamjui, nilikwenda peke yangu. Walisema hawaoni kitu, sikuwaamini. Wanakulaza, wanakuingiza kwenye tundu, wanakwambia usitikisike. Inagonga, inagonga. Nikaona nitaje majina yenu moyoni, nione kama bado ninayo yote. Nikaanza na lako."

Mama Pacha alificha uso kwenye viganja. Safari hii hakutafuta dirisha la kufungua.

Baadaye Shangazi aliinuka, akabandua karatasi zote, moja baada ya nyingine, na ile orodha ya kwenye jokofu, akazikunja zote akazitia kwenye pipa. Akampigia simu binti yake, akamwambia asije, atamweleza. Akakitia kile kijiko mfukoni mwa gauni lake.

"Lile kopo liache," akasema, bila kumtazama. "Lete na funguo za duka."

Jumamosi mtaa ulipoamka, karatasi ya mlangoni ilikuwa imeandikwa upya kwa herufi kubwa zilizonyooka. Fundi cherehani alilamba mara moja, akatoka nje kutema, akarudi ndani kutukana kwa raha zake zote. Kinyozi alimwacha mtu na nusu ya nywele. Daktari wa meno alishuka mara tatu. Wateja wawili waligombania kikombe cha mwisho, na mama mmoja akaapa hatakanyaga tena pale, akakanyaga kesho yake. Mume wa Mama Pacha alipiga mluzi chini ya mashine yake, akiamini kwamba mambo yamekwisha, kwa sababu dada yake alikuwa akicheka na wateja, na kwa sababu kwa miaka yake yote hakuwa amewahi kutazama jikoni.

Shangazi hakumtukana Mama Pacha, wala hakumsengenya, wala hakumweleza mtu. Siku ya tatu alimwambia, "Nimekusamehe, wifi," na alimaanisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema asichomaanisha. Wakanywa chai pamoja. Jumatatu walikuwa jikoni kama zamani, maziwa jikoni, kifuko ndani, machungwa mezani. Kitu kimoja tu kilikuwa kimehama. Kiti cha Shangazi sasa kilielekea ukutani kwenye saa.

Mama Pacha aliuona mshale ukifika.

"Zimetimia, dada," akasema.

Shangazi aliweka kisu chini. Akainua macho, akaitazama saa, akaitazama mpaka akaridhika.

"Toa," akasema.